Mto wa Mtama wa Siham

Hii nitakayowasimulia hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe, niliyeiona nusu yake kwa macho na kuipata nusu ya pili kwa mdomo wa mwenye nayo, kuna siku naitilia shaka. Ni habari ya wanawake wawili wenye akili zao timamu waliopiga magoti uani, jua la Tanga likiwa utosini, wakagombania mtama na kuku. Na hawakuwa na njaa. Jikoni kulikuwa na wali wa nazi na changu wa kukaanga. Najua, maana ndicho kilichonipeleka pale.

Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele huko hakuna pa kuchekea.

Mdogo wa hao wawili ni Zeyana, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye mjomba wake, Idarusi, na kwa kwetu mjomba si mtu wa kupangiwa mwisho wa mkeka. Shule nilikwenda mpaka darasa la tano, nikaona walimu wameishiwa, nikawahurumia nikaacha. Lakini habari si yangu. Nikianza kujisifu hapa tutakesha, na Zeyana atabaki mlangoni.

Alizaliwa Mkwaja, kwenye shamba la minazi la baba yake, mzee ambaye babu zake walitoka Oman na ambaye maneno aliyaweka kama watu wanavyoweka dhahabu. Mtoto akarithi. Zeyana hacheki kwa mdomo, anacheka kwa mabega. Ukimdanganya habishani nawe. Anakutazama tu mpaka uongo wako uanze kuona haya wenyewe. Kushona alifundishwa na mama yake, na hapimi kwa utepe. Anakutazama ukipita barazani, na shati ukiletewa limekukaa.

Alipoolewa na Nasri akaja mjini, Ngamiani, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Ghadir. Nasri kazi yake iko Horohoro, mpakani, kuhangaikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Mombasa, na kurudi ni Alhamisi jioni. Kwa hiyo nyumba ile, ukitoa hizo siku za Nasri, ilikuwa ya wanawake wawili na kuku. Zeyana na cherehani yake barazani, Bi Ghadir na kuku wake uani. Walipendana. Ninasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia mkwe na mkwe wanakaa nyumba moja huanza kuvuta viti karibu.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana, Siham. Na hapa ndipo mto unapoingia.

Watoto wetu wa pwani hawalazwi kichwa hivihivi. Bi Ghadir alikuwa akisema kichwa cha mtoto mchanga ni udongo wa mfinyanzi, ukikiacha kikauke vibaya usimlaumu aliyekiumba. Basi anashonewa mto mdogo, mpana kama kiganja cha mtu mzima, foronya ya kitambaa laini, ndani mtama. Si pamba wala sufi. Mtama uliooshwa, ukaanikwa, ukachaguliwa mawe. Mtoto akilazwa, punje zinasogea zenyewe, zinamfanyia kiota sawasawa na kichwa chake, kikiwa duara kinabaki duara. Mtoto akiamka mama anautikisa mto, kiota kinafutika, na usingizi unaofuata unafanya kingine. Bi Ghadir alisifika kwa hiyo kazi. Nusu ya vichwa mnavyoviona vikipita barabara zile, vikiwa na kofia zimekaa vizuri, ni mkono wake. Changu pia wangekidhania ni chake, ila mimi nilizaliwa nacho hivi.

Na kuna sharti lake. Mtama wa mtoto mmoja haulaliwi na mwingine. Mtoto akishakua, mto unafumuliwa, mtama unamwagiwa ndege, foronya inafuliwa kumngojea mdogo wake, naye anatiliwa mtama wake mpya. Ndivyo Bi Ghadir alivyofanyiwa, ndivyo alivyomfanyia Nasri.

Siham hakukua. Ilikuwa masika, mvua haikatiki, naye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Homa ikamshika, ikashuka kifuani. Wakamkimbiza hospitali, madaktari wakahangaika naye kadiri walivyoweza, na akatutoka akiwa mapajani mwa mama yake. Tukamzika mvua ikinyesha. Sina maneno ya pale na sitayatafuta.

Zeyana aliporudi kutoka hospitali alikuta chumba kama walivyokiacha. Winda zimekunjwa. Mto upo juu ya godoro, na katikati yake bado kuna kiota. Asubuhi ile walitoka mbio, mto haukutikiswa.

Wanawake waliokuja kumsaidia kukusanya vitu vya mtoto wakavitia sandukuni. Ule mto aliuchukua yeye, kwa mikono miwili, kama mtu abebaye bakuli la uji lililojaa mpaka ukingoni. Akauweka ndani ya kikapu cha ukili chenye mfuniko, akakipandisha juu ya kabati. Hakumwambia mtu. Mara mojamoja nyumba ikiwa tupu alikuwa akikishusha kikapu, anafunua, anatazama. Hakugusa. Punje zikiguswa zinahama.

Mwaka ukapita na zaidi, akashika mimba nyingine.

Sasa mwanamke mwenye mimba, hata ukimfunga mdomo, macho yake yanatembea kwenye vitu vya watoto. Zeyana hapana. Aliwashonea watoto wa watu vigauni, vyake hakushona. Nasri alipiga simu kutoka Horohoro akiuliza alete nini, akaambiwa ajilete mwenyewe. Bi Ghadir aliliona hilo akalipenda, kwa sababu kwa hesabu yake binti anafuata mila: mtoto anayekuja baada ya kaburi hanunuliwi kitu kipya. Anaombewa. Unaomba nguo kwenye nyumba ambayo watoto wake wamesimama, ili mauti yakipita yamwone huyu naye ni wa matambara kama wale, yaende zao. Hakujua kwamba Zeyana hafuati mila yoyote. Alikuwa hathubutu tu.

Bi Ghadir akajitanda kanga yake, akaenda kuomba kwa jirani, Benedikta. Huyu wazazi wake walikuja kukata mkonge Muheza, Wakatoliki, na yeye watoto wake ukiwahesabu leo kesho unaanza upya, wote wazima na wote wana sauti. Benedikta hakuuliza sana. Alitoa winda, akatoa beseni, vijishati vilivyofuliwa mpaka vikawa laini kama ulimi, na kanga mbili zilizozeeka vizuri. Alipovikabidhi akasema, "Bibi, hivi vimetapikiwa na watoto sita. Baraka zake haziishi kwa sabuni."

Na mjomba mtu je, aliketi? Mjomba mtu alikwenda sokoni, kwenye mitumba, akarudi na kigari cha mtoto. Kigari cha kusukuma, chenye paa, chenye kishikio, chenye mahali pa kuwekea chupa. Nilikisukuma kutoka sokoni mpaka Ngamiani nikiwa nimenyoosha shingo, na magurudumu mawili yakagoma kwenye mchanga kabla sijafika mlangoni, nikamalizia nimekibeba kichwani. Bi Ghadir alikizunguka kama anayekagua mbuzi. Akaniuliza mtoto atasukumwa kwenda wapi, kama kuna barabara ya lami kutoka kitandani mpaka kwenye ziwa la mama yake. Tangu siku hiyo kigari kile kikabeba kuni, na kwa kuni, nawaambieni, hakuna mfano wake.

Zeyana alicheka kwa mabega. Vitu vyote hivyo alivipokea kama mtu anayemtunzia msafiri mizigo. Alivikunja, akavipanga, akaenda zake kwenye cherehani.

Ilipokaribia mimba kuwa nzito, Bi Ghadir akatandika mkeka, akamwaga kila kitu juu yake, akamwita. Hata Siham alipokwisha kuondoka, yule mzee peke yake mtaa mzima ndiye aliyeendelea kumwita kwa jina la uzazi wake. Wengine waliona haya, wakarudi kwenye Zeyana.

"Mama Siham, njoo tuchague. Mtoto hahitaji duka. Anahitaji vitu vichache ambavyo mkono utavipata gizani."

Wakachagua. Winda zikakaa, hizo hazina mjadala. Kanga mbili, moja ya kumpokelea, moja ya mbeleko. Beseni. Chandarua. Mafuta ya nazi atakamua mwenyewe Bi Ghadir. Upande wa pili wakatupa viatu, maana mtoto haendi kazini. Wakatupa kofia za sufi ambazo Nasri alizinunua mpakani bila kutumwa, maana Tanga si Lushoto. Poda wakabishania kidogo, nayo ikatupwa. Kisha Bi Ghadir akatazama mkeka akasema kilichobaki ni mto, ataiangalia ile foronya ya zamani.

Zeyana hakusema kitu. Angesemaje? Kwamba mtu mzima ameficha kichwa cha maiti wake juu ya kabati? Na kwetu mkwe akinyamaza mbele ya mama mkwe, amesema ndiyo. Hilo hata mtoto analijua. Bi Ghadir akachukua ndiyo yake akaondoka nayo.

Kesho yake Zeyana alikuwa na siku ya kliniki. Nesi wa pale, binti wa Kishambaa aitwaye Loveness, mdogo lakini mwenye sauti ya kuhutubia, aliwaketisha kina mama kwenye mabenchi akawaeleza waje na nini siku ya kujifungua na nyumbani waandae nini. Alisema mengi ya maana. Zeyana aliyasikia yote mpaka alipofika kwenye kulala. Mtoto mchanga alazwe chali, alisema nesi, tandiko lisiwe la kubonyea, na asiwekewe mto kabisa, kwa sababu mto waweza kumziba pumzi. Mama mmoja akauliza hata ule wa mtama? Hata ule wa mtama.

Kuanzia hapo hakusikia tena kitu. Alijua kilichomuua Siham. Madaktari walimweleza, akaonyeshwa picha ya kifua, akafahamu. Mtoto hakufia usingizini, alifia mikononi mwake macho yakiwa wazi. Hayo yote aliyajua. Lakini huzuni haikusoma hata hilo darasa langu la tano. Haijui sababu, inajua pa kuuma tu. Alitembea kwa miguu kutoka kliniki, tumbo mbele, na neno moja mdomoni. Mto. Nani aliyeushona? Na nani aliyekuwa akimlaza juu yake kila siku, akamfunika, akaenda kushona akifurahi kwamba mtoto kalala kimya?

Akaingia kwa mlango wa uani.

Foronya ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji, imefumuliwa upande mmoja. Chini yake kuku wanadonoa. Kikapu cha ukili kiko pembeni, mfuniko wazi. Bi Ghadir amekaa kwenye kibao, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mtama mpya, na alikuwa akiimba kwa puani kama afanyavyo mtu aliyeipenda kazi yake.

"Umerudi, mwanangu? Nimekupunguzia kazi. Ulikuwa umeupandisha juu kweli, karibu nianguke na kiti."

Mpaka leo Zeyana anaweza kuwaambieni uzito wa maneno aliyokuwa nayo ulimini. Hayakuwa mengi. Angesema tu: nesi anasema mto ndio unaoua. Basi. Yangetoka na kufika, na yule mzee aliyeshonea vichwa vya mtaa mzima angekaa nayo kwenye kibao kile mpaka mwisho wa siku zake. Na wakati ule, Mungu amsamehe, alitaka akae nayo. Alitaka mtu mwingine aumie pale anapoumia yeye.

Badala yake akayameza. Akashuka chini, na lile tumbo, akaanza kuokota mtama kwenye vumbi. Punje, punje. Jogoo mmoja hakuridhika, akaja kudonoa vidoleni mwake, akamsukuma kwa kiganja.

Bi Ghadir alishangaa. Alimwambia huo ni mtama wa zamani, umeingia fukusi, mpya huu hapa, ainuke asije akajiumiza. Zeyana akaendelea. Alipozungumza hakuinua kichwa.

"Kichwa chake kilikuwa kimebaki humo, mama. Alivyolala siku ile. Sikuwa nimeutikisa."

Bi Ghadir akatua ungo. Mzee yule magoti yalikuwa yameshamkataa miaka, swala alikuwa akiswalia kwenye kiti. Alishuka akishikilia kibao, akashikilia ukuta, akafika chini. Akavua kanga ya begani akawafukuzia kuku, kisha akaanza kuokota.

Hapo ndipo mimi nilipoingia, nimefuata harufu ya changu. Nikawaona. Kwanza, kwa ujinga wangu, nikacheka. Nikawauliza kama kuku wamepewa likizo. Hakuna aliyegeuka. Nikamwona Bi Ghadir machozi yanamdondokea kwenye vumbi na anaokota kwenye unyevu uleule. Nikasimama pale nilipo, kofia mkononi.

"Nimekufanyia nini, mwanangu?" Bi Ghadir akauliza.

Mimi nilidhani ni swali la mtama. Sikujua kwamba pale ndipo mlango ulipofunguliwa wazi, na maneno yale yalikuwa yamesimama nyuma ya meno yanangoja kuitwa. Nilichoona ni Zeyana kumtazama yule mzee mikono. Vidole vimekakamaa, kucha zina vumbi, na kwenye kidole cha shahada lile kovu dogo la sindano walilonalo washonaji wote, hata yeye analo.

"Hukujua, mama," akasema. "Hukujua kitu."

Walichokusanya hakikujaza ngumi, tena nusu ni mchanga. Bi Ghadir akasema atauosha, atauchanganya na ule mpya, kiota kitakuja kingine lakini angalau mtama utakuwa uleule. Angalieni: mzee aliyeshikilia sharti lile maisha yake yote, alikuwa tayari kulivunja pale chini kwenye vumbi. Zeyana akatikisa kichwa.

"Huyu atalala bila mto."

"Kichwa chake kitakuwa bapa, Mama Siham. Watu watasema hana bibi."

"Waseme. Mto ule ulikuwa wa Siham. Mtama wake umekwisha."

Akafungua kiganja, akautazama ule uliobaki, kisha akawamwagia kuku kwa mkono wake mwenyewe, kama inavyotakiwa. Nikamsaidia kuinuka. Kisha nikamwinua Bi Ghadir, naye alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mtama mpya ulipikwa uji. Changu tulimla, hakuna aliyesikia ladha.

Mtoto akazaliwa mwanamume, Talal. Akapokelewa kwa kanga ya Benedikta, akalazwa chali kwenye tandiko gumu, bila mto. Wanawake wakaja kumtazama, wakatazamana wao kwa wao. Mmoja akasema, wewe Bi Ghadir, ulitengeneza vya wenzio vyote, huyu wa kwako umemsusia? Mzee akajibu kwamba mto ulikuwa wa dada yake, na akabadilisha mazungumzo. Hilo alilijibu kila alipoulizwa, kwa sauti ileile, na masimango aliyabeba. Kila asubuhi alimpaka mtoto mafuta ya nazi, akamkanda kichwa kwa viganja vyake viwili, polepole, akijaribu kufanya kwa mkono kazi ya mtama.

Mwaka jana Bi Ghadir akatangulia mbele ya haki. Aliondoka hajui alichosema nesi. Tulipomaliza arobaini yake Zeyana akaniita barazani, akanisimulia ile njia ya kutoka kliniki na maneno aliyoyameza.

"Ningeyasema, mjomba," alisema, "angekufa nayo. Sasa ninayo mimi. Yananitosha."

Ndiyo maana naandika leo, kwa ruhusa yake. Amekaa hapa pembeni, cherehani imenyamaza, anasoma ninachoandika kabla wino haujakauka, na Talal amelala mapajani mwake mkao wa chura. Na nikimtazama huyu mtoto nawahakikishieni, kwa haki ya dada yangu, kwamba zile asubuhi za Bi Ghadir hazikupotea bure: kichwa hiki leo kimeviringika, hakina mfano kutoka Horohoro mpaka Pangani, ukikipita kwa kiganja ni kama yai, hata nazi ya Mkwaja ikikiona itaona haya, na fundi mmoja wa kofia alikuja mwenyewe kutoka Unguja akaomba akipime ili—

"Mjomba, nyuma kina bapa. Andika kina bapa."